Majani Ambayo Yusta Hakuyaona

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kuwafungia kuku, Yusta alivuta kigoda akaketi karibu na bibi yake, naye bibi akamuuliza swali lile lile.

"Haya mjukuu wangu, murinzi umeuonaje leo?"

Murinzi ni mti wenye miiba unaoota katika vilima vya Kasulu. Kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki matawi matupu, kisha huchanua maua mekundu kama vilemba vya majogoo. Mvua zikikaribia, maua hudondoka na majani mapya hutokeza. Watoto huupenda kwa ajili ya mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi, ambazo huzichezea na kuzitumia kujifunzia hesabu. Lakini wanawake wa kilima chao, huko Heru Juu, waliujua mti huo kwa jambo jingine. Kulikuwa na murinzi mmoja mkubwa juu kidogo ya kisima. Majani yake yakishakuwa mapana kama kiganja, ndipo walipopanda maharage. Kabla ya hapo, hata mvua ikinyesha, walisubiri.

Bibi Esteria alianza kuutazama mti huo tangu alipoletwa kilimani pale akiwa bi harusi. Mumewe alipofariki aliendelea kuutazama, na wenzake wa jumuiya ya kanisa walizoea kumuuliza wakati wa kupanda. Mwaka huu hakuweza tena kuteremka bondeni. Wakati wa masika aliteleza akiwa amejitwika muhogo, akaumia nyonga, na sasa alitembea kwa fimbo kutoka mlangoni hadi jikoni tu. Yusta ndiye aliyekaa naye, kwa kuwa mama yake alikuwa akifanya kazi Kibondo.

"Maji chota popote," Bibi alimwambia. "Bomba limefika barabarani, tumshukuru Mungu. Lakini ukitoka shule pita kwa murinzi, uutazame vizuri, uje uniambie. Macho yako ndiyo miguu yangu."

Mwanzoni Yusta alipita kila siku. Alimweleza Bibi jinsi matumba yalivyofunguka kwenye ncha za matawi, jinsi ndege wadogo walivyokuja kunyonya maua, jinsi mti mzima ulivyowaka katikati ya nyasi kavu. Bibi alifumba macho akisikiliza, akatabasamu.

"Unajua kusimulia, mama," alisema. "Ni kama nimesimama pale pale."

Basi ikawa hivyo, mpaka Gharibu alipofungua kibanda cha kuchaji simu karibu na bomba. Gharibu alikuwa na televisheni ndogo, na alipenda kufungulia muziki kwa sauti kubwa. Watoto waliotoka shule walijaa pale na madumu yao.

"Unakwenda wapi?" Habonimana, rafiki yake Yusta, alimuuliza siku moja.

"Bondeni, kuutazama murinzi."

Habonimana alicheka mpaka akaweka dumu chini. "Unakwenda kuutazama mti! Kwani utatoroka? Acha ushamba, Yusta. Kisimani nani anakwenda siku hizi? Njoo bwana, wameweka nyimbo mpya."

Yusta aliona haya. Akaenda kwa Gharibu. Nyimbo zilikuwa tamu, na jua liliposhuka alichota maji upesi akakimbia nyumbani.

"Haya, murinzi umeuonaje leo?" Bibi aliuliza.

Yusta alifungua kinywa aseme kwamba hakupita. Lakini Bibi alikuwa amekwisha fumba macho, akisubiri kusimuliwa.

"Maua bado ni mengi, Bibi," Yusta alisema. "Ndege nao bado wapo."

Ilikuwa rahisi. Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Hakuuona mti, lakini aliukumbuka wa mwaka jana, na alijua kinachofuata baada ya kingine. Akasema maua yameanza kudondoka. Baada ya siku chache akasema ardhi chini ya mti imekuwa nyekundu. Kisha akasema vijani vimetokeza, vimejikunja kama mikono ya mtoto mchanga. Bibi aliposikia hayo alipiga makofi polepole kwa furaha, na Yusta akajisikia kama amempa zawadi.

Halafu mvua ikanyesha. Ilikuja mchana, yenye upepo, ikapiga mabati na kuondoka. Udongo ulinukia vizuri. Wanawake walitoka nje kuangalia mawingu, na jioni ile Mama Irakoze akaja nyumbani kwa Bibi Esteria akiwa na mtoto mgongoni. Mama Irakoze alikuwa jirani yao wa chini, mwanamke mchapakazi mwenye watoto wadogo na shamba dogo.

"Mwidiwe, Bibi," alisalimu kwa Kiha. "Wengine wanasema tupande, wengine wanasema ni mvua ya kudanganya. Wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu," Bibi alijibu. "Murinzi ndio unaosema. Yusta, njoo hapa. Majani yamefika wapi?"

Yusta alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Mama Irakoze alimgeukia, akamtazama usoni.  Yusta angeweza kusema kweli. Lakini angesema nini, baada ya maneno yote yale? Na mvua imekwisha nyesha, alijiambia. Lazima majani yametoka. Miaka yote hutoka.

"Yamekuwa kama kiganja," alisema.

"Imana ni mwema!" Mama Irakoze alisema, akimshukuru Mungu. "Basi kesho nashika jembe."

Bibi aliagiza chungu chake kilichokuwa uvunguni. Humo alihifadhi mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu ili zisiliwe na wadudu, yale mekundu yenye madoa meupe, aliyoyachagua punje kwa punje. Alimgawia Mama Irakoze, akawatengea wanawake wengine wa jumuiya, na zilizobaki akampa William, baba mdogo wa Yusta, akampandie. Chungu kikabaki na majivu matupu.

Mvua haikurudi.

Jua liliwaka kama kiangazi kimeanza upya. Maharage yaliota kwa unyevu ule mdogo, yakainua vijani vyake viwili viwili, kisha yakaanza kulegea. Yusta alipita kando ya shamba la Mama Irakoze akienda shule. Kila asubuhi miche ilikuwa imeinama zaidi, mpaka siku moja ikawa imelala kwenye udongo, myembamba na mikavu kama nyuzi. Mama Irakoze alikuwa amechuchumaa katikati ya tuta, akifukua kwa kidole kutafuta kama kuna punje iliyo hai. Yusta aligeuza uso, akaharakisha. Tangu siku hiyo alizunguka njia ya mbali ili asipite pale.

Hakwenda tena kwa Gharibu. Muziki aliusikia kwa mbali, lakini haukumfurahisha. Jioni Bibi alipofumba macho ili asikilize, Yusta alisema anaumwa kichwa.

Jumamosi wanawake wa jumuiya walisali uani kwa Bibi Esteria, kwa kuwa hakuweza kuwafuata kwingine. Baada ya rozari hakuna aliyeinuka kuondoka.

"Bibi, hatukulaumu," mmoja wao alianza. "Lakini mbegu zimekwisha."

"Labda mti umezeeka," mwingine akasema. "Mti nao huchoka."

"Au mwenyewe ndiye amechoka," sauti ikatoka nyuma, na wawili watatu wakacheka kidogo, wakiziba midomo kwa kanga.

Bibi Esteria hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akazungusha rozari vidoleni. "Nami nimejiuliza hivyo hivyo," alisema. "Nimeutazama mti ule tangu ujana wangu, haukuwahi kunipotosha. Mwaka huu sijui. Msinifuate tena, wanangu. Nisameheni. Mimi ndiye niliyewaambia."

Yusta alikuwa jikoni akikoroga uji wa kuwanywesha wageni. Aliyasikia yote. Mwiko ulisimama mkononi mwake na uji ukaanza kuungua.

William alikuwa amesimama kwenye uzio na shoka begani, ametoka kupasua kuni. Alikuwa mtu wa maneno mafupi. "Mti unaodanganya watu ni kuni," alisema. "Nina matofali yanasubiri kuchomwa. Nakwenda kunoa shoka, kisha nateremka kuuangusha."

"Fanya hivyo," mmoja akamuunga mkono. "Mti huo usije ukatupotosha tena mwakani."

Bibi alinyanyua mkono kana kwamba anataka kukataa, kisha akaushusha. 

Yusta alitoka kwa mlango wa nyuma. Akakimbia, akapita migomba, akapita muhogo, akateremka njia ya kisima ambayo sasa majani yalikuwa yameanza kuifunika. Hata hakujua anakwenda kufanya nini. Alipofika kwenye bega la kilima, akasimama.

Murinzi ulikuwa mwekundu kutoka chini hadi kileleni. Maua yake yalikuwa yamejaa kila tawi. Ndege wadogo walirukaruka wakinyonya. Hapakuwa na jani hata moja.

Mti ulikuwa umesema ukweli siku zote. Ulisimama pale ukiwaambia watu wasubiri, wazi kabisa, na hakuna aliyekuja kuutazama. Yeye ndiye aliyetumwa.

Mara wazo baya likamjia. William akifika atayaona maua, atajua. Watu wote watajua. Yusta aliokota fito ndefu, akaanza kuyapiga maua. Alipiga kwa nguvu zake zote, maua yakamwagika kichwani na mabegani. Alipanda kwenye tawi la chini, miiba ikamchana mikono na sketi, akaendelea kupiga huku analia. Ndege waliruka wote. Ardhi ikawa nyekundu, kama alivyokuwa amemwambia Bibi.

Kisha akasimama, akihema, akatazama juu. Tawi alilolipukutisha lilikuwa tupu. Maua aliweza kuyaangusha. Majani hakuweza kuyaotesha.

Fito ikamtoka mkononi. Alijiona jinsi alivyo: mikono ina damu, amekuja kuupiga mti usio na kosa ili nao ufanane na uongo wake. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Alitamani ardhi ya bondeni immeze. Lakini juu huko shoka lilikuwa likinolewa, na Bibi alikuwa ameketi akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Akapanda kilima.

Wanawake walikuwa wanasimama kuondoka. Walipomwona katika hali ile wakashtuka. "Yoo! Mtoto huyu amepatwa na nini?"

Yusta hakumtazama yeyote. Aliutazama udongo mbele ya miguu ya Bibi, akapiga magoti.

"Mti haukudanganya," alisema. "Hauna majani. Una maua tu. Ni mimi niliyesema yametoka, na sikuyaona."



"Sema tena," William alisema, akiwa ameshika jiwe la kunolea.

Akasema tena. Mara ya pili ilikuwa vigumu kuliko ya kwanza.

Bibi Esteria aliuliza kwa sauti ndogo, "Ulipita hata mara moja?"

"Mwanzoni nilipita, Bibi."

"Baadaye?"

"Nilikuwa kwa Gharibu. Nikawa natunga."

Mama Irakoze alimshusha mtoto mgongoni.  "Mimi nilikuuliza, Yusta. Nilikutazama machoni nikakuuliza. Sasa watoto wangu watakula nini? Watakula maneno yako?"

 Machozi yalimdondoka Yusta hadi kwenye magoti. Alingoja Bibi amtetee, kama alivyomtetea siku zote kwa mama yake na kwa walimu. Bibi hakumtetea.

"Mmesikia, wanangu," Bibi alisema kwa wanawake. "Kosa limetoka ndani ya nyumba yangu. Nitatafuta namna ya kulirekebisha, na Yusta atakuwa wa kwanza kuinama. Sasa mwacheni anywe maji."

Hapo ndipo Mzee Abdalah, aliyekuwa akipita njiani na baiskeli yake, aliposimama kuuliza kulikoni. Mzee huyo wa upande wa pili wa bonde alikuwa maarufu kwa kuchelewa. Watu walimtania kwamba hupanda wenzake wakiwa wanapalilia. Alipoelezwa, akakuna ndevu.

"Mimi hata kulima sijamaliza," alisema. "Kwa hiyo mbegu zangu ziko salama kwenye gunia. Leo mmeona faida ya uvivu!" Wanawake wakacheka bila kutaka, hata Mama Irakoze akafuta macho kwa kanga. "Sikilizeni. Mbegu ninazo, mgongo sina. Atakayenilimia, nitampa mbegu."

"Nitalima," Yusta alisema upesi.

"Mikono hiyo yenye miiba?"

"Hiyo hiyo, Babu."

William aliweka shoka chini. "Nami nitakwenda naye," alisema. "Nusura niuangushe mti ambao haukukosa."

Kila siku baada ya shule Yusta alilima kwa Mzee Abdalah. Udongo mkavu ulikuwa mgumu, jembe liliruka. Habonimana alipita na dumu lake siku ya kwanza, akasimama, akawaza.

"Mimi ndiye niliyekuita kwa Gharibu," alisema.

"Uliniita kucheza. Hukunituma kudanganya," Yusta alijibu, bila kuacha kulima.

Habonimana akaweka dumu kando, akaenda kuomba jembe.

Mbegu zilipopatikana, Bibi aliamuru kikapu cha kwanza kiende kwa Mama Irakoze, na Yusta akipeleke mwenyewe, kwa njia fupi, ile aliyokuwa akiikwepa. Mama Irakoze alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hakutabasamu. Wakafuata wengine wa jumuiya. Bibi Esteria alichukua zake mwisho.

Na kila siku kabla ya kwenda shambani, Yusta alipita kwa murinzi. Jioni Bibi hakufumba macho tena. Alinyoosha kiganja.

"Umeniletea nini?"

Yusta alitia kiganjani mwake ua moja lililodondoka, au kipande cha gome, ili Bibi ajue kwamba amefika. Bibi alikigusa, akakiweka kando. Hakulalamika wala hakumsema, lakini kile kiganja kilichonyooshwa kilimuuma Yusta kuliko fimbo. Kuna siku alichelewa shambani akapitwa na giza. Bibi alinyoosha kiganja, Yusta akakitazama.

"Leo sikupita, Bibi."

"Hukupita?"

"Sikupita. Sijui mti ukoje leo."

"Haya," Bibi alisema. "Kesho utapita." Akamsogezea sahani ya ugali na maharage.

Mawingu yalirudi kutoka upande wa Burundi. Mvua ilinyesha usiku, ikanyesha tena mchana, safari hii polepole, ikizama ardhini. Maua ya murinzi yalidondoka yenyewe. Hata lile tawi ambalo Yusta alilipiga lilichipua, ingawa lilichelewa kuliko mengine, na kila alipoliona aliinamisha macho.

Jioni moja alirudi nyumbani amelowa, ameshika jani bichi.

"Bibi, majani yametimia," alisema. "Upande wa bondeni yamekuwa kama kiganja, niliyapima. Upande wa juu mengine bado yamejikunja. Tawi lile langu bado. Upande wa nyuma sikufika, kulikuwa na tope jingi."

Akamnyooshea jani. Bibi Esteria hakunyoosha mkono. Alikuwa amefumba macho.

"Liweke tu hapo," alisema. "Nimeshauona mti."

 Bibi akamvuta aketi karibu, kwenye kigoda chake.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Sikukutuma uniletee habari za kunifurahisha. Nilikutuma uniletee ulichokiona. Siku ile ya kwanza ungesema 'leo sikupita', kama ulivyokuja kusema baadaye, ningekugombeza kidogo, tungekula, tungelala. Neno hilo lilikuwa jepesi, wewe ukaliogopa. Ukaogopa aibu ndogo, ukaleta njaa kwa watu. Mtu aliyekupa imani yake amekupa chakula chake ukitunze. Mungu alikupa macho ya kuona na kinywa cha kusimulia. Usikubali kinywa kitangulie macho."

"Sitarudia, Bibi."

"Najua. Sasa nenda kawaambie wanawake."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeona."

Alianzia kwa Mama Irakoze, kwa kuwa ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Alimkuta akikusanya kuni zisilowe.

"Mama Irakoze, majani ya murinzi yametoka."

Mama Irakoze alimtazama machoni, kama alivyomtazama siku ile. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Lakini tafadhali, twende nawe ukayaone."

Wakateremka pamoja katika manyunyu, njia ikiteleza. Chini ya mti Mama Irakoze alivuta tawi, akatandika kiganja chake juu ya jani. Vililingana. Kisha akaliachia tawi likarudi juu na kuwanyunyizia maji wote wawili.

"Haya," alisema. "Twende. Kesho asubuhi wewe utabeba mbegu, mimi nitachimba."